"Fundi umeniwekea mbao mbovu": watu wanachoamini kuhusu mbao, na ilivyo kweli

Juzi dada mmoja kanipigia simu yuko Dodoma, mlango wa kabati umepasuka katikati kama umepigwa shoka, na kabati nimelitengeneza mwenyewe hapa Dar miezi minne tu iliyopita. "Fundi umeniwekea mbao mbovu." Mbao haikuwa mbovu, dada yangu, ilikuwa mbichi, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo watu wanayachanganya kila siku. Kosa langu ni kwamba nilijua na bado nikafanya, maana alikuwa anahama Ijumaa.

Basi ngoja niseme haya ninayoyasikia karakanani.

"Mbao ikianikwa juani wiki moja imeshakauka."

Nje ndo imekauka, ndani bado maji. Mti una maji ya aina mbili, kuna yaliyojaa kwenye vitundu vya ndani na kuna yaliyoshikwa na kuta zenyewe za vile vitundu. Ya kwanza yakitoka mbao inakuwa nyepesi tu, umbo halibadiliki, ndo maana mtu anainyanyua anasema hii kavu. Ikishuka kwenye unyevu wa kama asilimia 30 hapo ndo haya ya pili yanaanza kutoka na mbao inaanza kusinyaa, inasinyaa upana, urefu karibu haubadiliki. Ubao wa paini wa inchi 12 ukiununua mbichi kabisa unaweza kupoteza karibu nusu inchi ya upana, sasa wewe umeshaupiga gundi na misumari pande zote nne, utaenda wapi kama sio kupasuka?

Samani za ndani zinataka unyevu wa asilimia 12 hivi. Mbao zinazoshushwa hapa kutoka Mafinga nyingine zimepasuliwa wiki hiyohiyo kwenye zile mashine ndogo za kupasulia magogo tunazoziita ding dong, ukiipitisha kwenye randa inakurushia majimaji usoni, sitanii. Muuzaji ukimuuliza anakwambia "kavu hiyo bosi". Na simlaumu sana, kukausha ni kulaza hela miezi kadhaa, na tanuri la kukaushia linataka mtaji ambao wengi wetu hatuna, kwa hiyo mzigo wote wa kusubiri anabebeshwa fundi ambaye mteja wake naye hasubiri.

Jua kali ndo linaharibu zaidi kwa kweli. Uso unakauka haraka kuliko ndani, unavutana, mbao inapata nyufa na kupinda. Panga kivulini penye upepo, weka vijiti kati ya ubao na ubao, zile ncha mbili zipake rangi maana maji yanakimbilia kutokea huko. Halafu kuna hili la Dodoma: hata mbao iliyotulia Dar, ikipelekwa kwenye hewa kavu inaendelea kupungua, kwa hiyo ubao wa mlango unatakiwa ukae huru kwenye mfereji wa fremu, usigandishwe. Hapo ndo niliposhindwa mimi.

"Mninga hauliwi na wadudu."

Moyo wa mninga ndio, wadudu wanauogopa. Ile sehemu nyeupe ya pembeni wanaila kama mkate, ina wanga. Ukiona unga mweupe unadondoka chini ya kitanda cha mninga ujue fundi alibakiza weupe akaupaka rangi ufanane. Na huo weupe unaukuta kwenye mbao nyingi siku hizi, maana miti minene imebaki mbali na mninga haukui haraka kama paini, kwa hiyo inapasuliwa miti myembamba.

"Ikiwa nyekundu ni mninga."

Ni rangi. Chukua kisu ukwangue kidogo sehemu isiyoonekana, kama chini kuna weupe wa paini umeshapigwa. Nimeshapigwa mimi mwenyewe na mkurungu, huo ni ndugu yake mninga na unafanana nao, ila sio huo.

"Mninga umepigwa marufuku."

Wanaosema hivi nadhani walisikia nusu ya habari. Mwaka 2022 kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kule Panama, mininga ya Afrika iliwekwa kwenye Kiambatisho cha Pili, pamoja na mkongo na mkangazi. Maana yake kuvusha mpaka kunahitaji kibali maalumu, sio kwamba haiuzwi. Hapa ndani unachotakiwa kumdai muuzaji ni risiti na hati ya usafirishaji ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali. Mbao ya usiku, ile inayopitishwa bila hati, ni rahisi ndio, lakini ikikamatwa karakanani kwako wewe ndo unajieleza.

"Ikiwa ya kijani ina dawa."

Kijani kinatokana na shaba iliyomo kwenye dawa, lakini dawa ya kweli inasukumwa kwa presha ndani ya mtungi mkubwa mpaka izame. Kuna wanaochovya kwenye pipa tu, wengine ni rangi kabisa. Kata ncha uangalie kijani kimeingia kiasi gani. Na jamani akina mama lishe mnaokuja kuchukua vipande kwetu, hivyo vya kijani msipikie, dawa nyingi za aina hiyo zina aseniki na moshi wake ni sumu.

"Mbili kwa nne ni mbili kwa nne." Beba futi kamba yako ukapime uone kama inafika kweli inchi mbili kwa nne, nimemaliza.

"Mafundi mna tamaa, mbao moja bei fulani, meza bei mara tano."

Njoo siku moja uone. Mbao kumi nikizishusha, toa za kupinda, toa zenye mafundo yanayodondoka, toa weupe, halafu randa ndo inakula mpaka ile iliyopinda inyooke. Kuna mizigo nimebakiwa na nusu. Hiyo nusu nyingine nayo niliilipia, pamoja na lori.

Dada wa Dodoma namtengenezea mlango mwingine, bure. Safari hii nimekata kipande kwenye zile mbao, kila Jumamosi nakipeleka dukani kwa Mangi hapo jirani nakipima kwenye mzani wa sukari naandika ukutani, kikiacha kushuka ndo naanza kazi. Jumamosi iliyopita bado kilikuwa kinashuka, na yeye amenipigia mara mbili.