Aina za data zinazonakiliwa kwa operesheni: maana yake

Data ileile inapokaa kwenye kompyuta kadhaa, na kila moja ina ruhusa ya kuibadilisha hata mtandao ukikatika, mabadiliko husambazwa kwa njia mbili. Ama nakala, yaani data iliyo kwenye kompyuta mojawapo, hutuma hali yake yote ikaunganishwe na za wenzake, ama hutuma kitendo tu: “ongeza 3”, “futa neno hili”. Njia hii ya pili ndiyo ya operesheni. Zote mbili zilielezwa rasmi mwaka 2011 na Marc Shapiro, Nuno Preguiça, Carlos Baquero na Marek Zawirski.

Sharti kuu la njia ya operesheni ni kwamba operesheni mbili zilizofanyika sambamba, hakuna iliyojua habari za mwenzake, zilete jibu moja, yoyote itakayotangulia. Kwa kaunta, yaani namba inayoongezwa na kupunguzwa, hilo ni rahisi: 5 ukiongeza 3 na kutoa 1, au ukianza kutoa, unapata 7.

Kazi iko kwenye seti, yaani mkusanyiko wa vitu visivyorudiwa. Nakala moja inaongeza X huku nyingine, wakati huohuo, inaifuta. Kila mmoja akifuata ujumbe uliomfikia mwisho, huku X ipo, kule haipo. Kwa hiyo kila uongezaji hupewa kitambulisho chake cha pekee, na ujumbe wa kufuta hubeba vitambulisho vile tu ambavyo mfutaji alikuwa ameviona. Kitambulisho kipya hakimo, basi X inabaki kote. Kwamba uongezaji ndio ushinde ni uamuzi wa mbunifu. Angeweza kuamua kinyume.

Ujumbe ni mdogo, ila mzigo umehamia kwenye usafirishaji. “Ongeza 3” ikifika mara mbili, hesabu imeharibika, wakati kuunganisha hali ileile mara mbili hakudhuru kitu. Ujumbe wa kufuta nao ukiutangulia ule wa kuongeza uliousababisha, X iliyofutwa itafufuka. Ndiyo maana jumbe huandamana na saa za vekta zinazoonyesha kipi kilitangulia kipi, na nakala iliyopotea hewani huwalazimu wenzake kuitunzia jumbe zake hadi irudi.

Tena, kukubaliana si kuwa sahihi. Kaunta ya salio ikiwa na 10, nakala mbili zilizotengana zikatoa 8 kila moja baada ya kuhakikisha kuwa salio linatosha, mtandao ukirudi zote zitaonyesha -6, bila ubishi wowote.