Je, wajua kwa nini nyota wa vichekesho vya zamani vya Marekani hawakutajirishwa na marudio?

Gilligan's Island, kipindi cha vichekesho kuhusu watu saba waliokwama kisiwani, kilirekodiwa sehemu 98 tu kati ya 1964 na 1967, kwa ajili ya kituo cha CBS. Tangu hapo kimerudiwa miaka nenda miaka rudi. Dawn Wells, aliyecheza Mary Ann, alieleza kuwa ujira wake ulikuwa dola 750 kwa wiki, na kwamba fedha za marudio zilikatika mapema. Mwaka 2018 rafiki yake alimfungulia mchango mtandaoni ili kumsaidia kulipa gharama za matibabu na madeni.

Watazamaji waliposikia walidhani amedhulumiwa na mtu. Ukweli unauma zaidi: mkataba wake ulikuwa halali na ulifuatwa. Tatizo lilikuwa mwaka uliosainiwa.

Mwigizaji wa televisheni Marekani ana mafungu mawili ya fedha. La kwanza ni ujira wa siku za kurekodi. La pili ni malipo ya marudio, yaani fedha anazopata kila sehemu aliyoigiza inaporushwa tena. Chama cha waigizaji, wakati huo kikiitwa SAG, kilianza kudai fungu hilo la pili mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini kilichopatikana kilikuwa na kikomo: unalipwa kwa marudio machache ya mwanzo, kisha huna haki ya kudai tena. Kikomo hicho kiliondolewa na mkataba wa 1974. Kazi zilizofanywa chini ya mkataba huo na baada yake hulipiwa kila zinaporudiwa, bila mwisho. Zilizotangulia zilibaki na masharti yake ya zamani. The Brady Bunch, kipindi kingine cha vichekesho chenye sehemu 117, kilimalizika Machi 1974, miezi michache tu kabla mlango haujafunguka.

Kwa nini walikubali kikomo? Kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1950 vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na wachache sana waliona kuwa kipindi kilichokwisha kuonyeshwa ni mali. Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz waliona. Walipoanza kipindi chao cha vichekesho I Love Lucy mwaka 1951, mdhamini alitaka kipindi kitoke New York. Wao walitaka kubaki California na kurekodi kwa filamu ya milimita 35, jambo lililoongeza gharama. Wakakubali kukatwa ujira, kwa sharti kwamba filamu zenyewe ziwe mali ya kampuni yao, Desilu. Baadaye CBS iliwalipa mamilioni ya dola kuzinunua. Vivian Vance na William Frawley, waliocheza majirani kwenye kipindi hichohicho, walikuwa waajiriwa tu, bila sehemu katika umiliki huo.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi nguvu ya kifungu kimoja ni kipindi cha vichekesho The Honeymooners, sehemu zake 39 za 1955 na 1956. Kaka yake Audrey Meadows, mmoja wa waigizaji wake, alikuwa mwanasheria, na aliingiza kwenye mkataba wa dada yake kifungu cha kulipwa kipindi kikirudiwa. Joyce Randolph, aliyesimama naye mbele ya kamera zilezile, hakuwa na kifungu hicho, na sehemu hizo 39 zikarudiwa kwa miongo bila yeye kupata kitu.

Sasa hesabu yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kipindi kilichotengenezwa kwa televisheni ya kawaida kikiuzwa baadaye kwa vituo vya miji mbalimbali, malipo hayafuati ujira aliokuwa akipata nyota. Yanafuata kima cha chini cha chama, yaani ujira mdogo kabisa unaoruhusiwa na mkataba wa chama. Onyesho la pili, yaani marudio ya kwanza, hulipa asilimia 40 ya kima hicho, la tatu asilimia 30, la nne hadi la sita asilimia 25 kila moja, la saba hadi la kumi asilimia 15, la 11 na la 12 asilimia 10. Kuanzia la 13 ni asilimia 5, na hapo ndipo panapobaki.

Tuchukulie kima cha chini ni dola 1,000. Kufikia onyesho la 12 mwigizaji atakuwa amepata jumla ya dola 2,250 kwa sehemu hiyo. Baada ya hapo ni dola 50 kila ikirudiwa, kabla ya kodi. Aliyecheza misimu tisa ana sehemu nyingi zinazozunguka, hivyo hundi zake zinaongezeka. Aliyepita kama mhudumu wa hoteli kwenye sehemu moja hupata hundi ambayo wakati mwingine haifiki dola moja. Na kipindi kikiuzwa kwa televisheni ya kebo, kuhesabu maonyesho kunakoma kabisa: waigizaji wote wanagawana asilimia ya mapato ya msambazaji. Kipindi kikiuzwa kwa bei ya chini, kila mmoja anapata vijisenti.

Ndiyo maana utajiri wa waigizaji sita wa kipindi cha vichekesho Friends hautokani na malipo haya ya chama. Mwaka 1994 walianza na takriban dola 22,500 kwa sehemu. Wakakubaliana kudai pamoja, wote sita kiwango kimoja, na misimu miwili ya mwisho ikafika dola milioni moja kwa kila mmoja kwa sehemu. La maana zaidi, mwaka 2000 walipata mgao wa faida ya mauzo ya marudio. Linganisha na Seinfeld, kipindi kingine cha vichekesho cha miaka hiyo: Jason Alexander, Julia Louis-Dreyfus na Michael Richards walipata takriban dola 600,000 kwa sehemu msimu wa mwisho, ujira mkubwa mno, lakini bila mgao wa faida. Mgao huo ulikuwa wa waanzilishi wa kipindi, Jerry Seinfeld na Larry David.

Marudio yana madhara mengine, na hili ndilo linalonisikitisha zaidi katika historia hii. Kadiri kipindi kinavyorudiwa ndivyo sura ya mwigizaji inavyogandana na mhusika. Anayechagua waigizaji wa filamu nzito anajua kwamba mtu huyu akiingia tu, ukumbi utamwona yule mhusika na kucheka. Hivyo anamwacha. Kwa waliosaini kabla ya 1974, marudio yasiyowalipa ndiyo yaliyowanyima kazi nyingine.

Ken Osmond alicheza Eddie Haskell katika kipindi cha vichekesho Leave It to Beaver, 1957 hadi 1963: kijana mwenye adabu tele mbele ya wakubwa, mkorofi wakigeuka. Kazi za kuigiza zilipokauka, mwaka 1970 alijiunga na polisi wa Los Angeles na kufuga masharubu asitambulike. Mwaka 1980 alipigwa risasi akimfukuza mtuhumiwa, akaokolewa na fulana ya kuzuia risasi na kishikizo cha mkanda. Fred Gwynne, aliyekuwa Herman Munster katika kipindi cha vichekesho The Munsters, alipona kwa njia ndefu: alirudi kwenye michezo ya jukwaani ya Broadway, New York, na ilichukua miaka mingi filamu kumpa majukumu mazito tena.

Osmond hakunyamaza. Mwaka 2007 alikishtaki chama chake mwenyewe kwa niaba ya waigizaji wengine, akidai kilikusanya tozo kutoka nchi za nje, kama zile za kaseti tupu na ukodishaji wa video, zinazotozwa ili kuwafidia wasanii, bila kuzigawa. Kesi iliisha kwa makubaliano.

Hadi leo SAG-AFTRA, jina la sasa la chama hicho, inashikilia malipo ambayo wenyewe hawajapatikana, kwa kawaida kwa sababu mwigizaji alihama bila kubadilisha anwani, au alifariki na familia haikutoa taarifa. Malipo ya marudio hurithiwa. Tovuti ya chama ina sehemu ya kutafuta jina, na warithi wakilikuta huwasilisha cheti cha kifo na hati za mirathi ili hundi zianze kwenda kwao.