Hakuna orodha ya namba tasa, jamani

Mara ya nne mwaka huu. Juzi nimo kwenye boti natoka Mkoani narudi Unguja, bahari imechafuka kidogo, kijana aliyekaa pembeni kaona kwenye laptop nahangaika na kodi (ya programu, siyo ya serikali) ya kutengeneza funguo za RSA, ile njia ya kufunga siri ambayo namba tasa mbili unazificha na zao lake unaliweka wazi, akaniambia kwa adabu kabisa, "Samahani dada, hizo namba tasa kubwa si Wamarekani wanazo kwenye orodha, programu inachukua mbili inakupa? Sasa mwenye orodha si anafungua kila kitu?" Nilimjibu mpaka tunaingia bandari ya Malindi, Unguja, na nadhani hakuridhika, kwa hivyo leo naandika, mana maneno haya haya nimeshaambiwa na mteja, nimeambiwa kwenye semina, na mara moja nimeyasoma kwenye ripoti ya mtu anayelipwa kukagua mifumo.

Orodha haipo na haiwezi kuwepo. Ufunguo wa biti 2048, biti ni tarakimu ya 0 au 1, unataka namba tasa mbili za biti 1024, yaani kila moja ina tarakimu kama 308. Namba tasa za ukubwa huo ni nyingi kiasi kwamba idadi yake tu, siyo zenyewe, idadi, ukiiandika inapita tarakimu 300. Atomu zote za ulimwengu tunaouona zinakadiriwa kwa namba ya tarakimu kama 80. Sasa huyo mwenye orodha ataiandika kwenye nini? Na kwa sababu hiyo hiyo watu wawili hawaangukii namba moja, kama nasibu ni nasibu kweli. Hilo "kama" lishike, nitalirudia.

Halafu kuna wale waliosikia habari ya Oktoba 2024, ile namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 toa 1, yenye tarakimu 41,024,320, wananiuliza benki zitahamia lini kwenye hiyo. Haitusaidii chochote! Dunia nzima inaijua, na kazi ya namba yetu ni kutojulikana. Tena ile ina umbo, na kwa umbo lile ina kipimo chake maalumu kinachoiwezesha kupimwa hata ikiwa kubwa hivyo, na sisi umbo ndo tunalolikimbia. Mwaka 2017 iligundulika laibrari moja ya programu iliyokuwa kwenye chipu za kadi inatoa namba tasa zenye umbo fulani ili iende haraka, ikawa funguo zinavunjika, na Estonia peke yake vitambulisho kama 750,000 viliguswa.

Kinachofanyika hasa ni hiki. Programu inaokota biti 1024 kwa nasibu, inaziweka biti mbili za juu ziwe 1 ili ukizidisha namba zako mbili upate biti 2048 kamili, na biti ya mwisho inaiweka 1 ili namba iwe witiri, kisha inapima. Ikifeli inatupa, inaokota nyingine. Ukubwa huo namba tasa ni kama moja katika 710, na kwa vile shufwa tumeshazitoa ni moja katika 355, basi unatupa mia tatu na kitu unapata yako, na simu ya mkononi inamaliza kabla hujakereka. Haigunduliwi, hainunuliwi, inatengenezwa hapo hapo mfukoni mwako na hakuna binadamu aliyewahi kuiona.

Kabla ya kipimo cha gharama unachambua kwanza. Bibi yangu Wete alikuwa akituketisha kwenye jamvi tutoe makonyo, vile vikonyo vya karafuu, karafuu haianikwi na makonyo yake, na huku ni vivyo hivyo: gawanya kwa 3, 5 na 7 tu na zaidi ya nusu ya witiri zimeshaondoka. Programu za kweli zinaendelea na namba tasa ndogo mamia au maelfu. Hapo hapana siri.

Kinachobaki kinaingia kipimo cha Miller-Rabin, na hapa watu wengi wanadhani kompyuta inatafuta vigawo. Haitafuti! Ingekuwa kupima kunataka vigawo basi kutengeneza ufunguo kungekuwa kugumu sawa na kuuvunja na RSA isingekuwepo. Fermat, mwanahisabati wa zamani, alishasema kwamba n ikiwa tasa, chukua a isiyogawanyika kwa n, ipe kipeo cha n toa 1, gawanya kwa n, baki ni 1. Baki ikija nyingine, n siyo tasa, basi, na kigawo chake hata kimoja hukijui. Tatizo zipo namba kama 561, ambayo ni 3 mara 11 mara 17, zinapita kipimo hicho kwa kila a isiyo na kigawo cha pamoja nazo. Miller-Rabin inaongeza jicho kwenye vipeuo vya pili vya 1: kwa namba tasa ni 1 na hasi 1 tu, ukikuta kingine umeikamata.

Sasa robo. Hii robo itaniua. Kitabu kinasema namba isiyo tasa inaidanganya Miller-Rabin kwa nafasi isiyozidi robo kila raundi, yaani kila a moja unayoijaribu, mtu anasoma anakimbia kuandika kwamba raundi moja ina uhakika wa asilimia 75. Siyo! Robo ni mpaka wa namba mbovu kuliko zote, na nasibu inayohesabiwa pale ni ya shahidi, ile a, siyo ya namba yenyewe. Namba ukiiokota wewe mwenyewe kwa nasibu, ikiwa siyo tasa basi karibu kila shahidi utakayemwita atasema, na wanahisabati Damgård, Landrock na Pomerance walilionyesha hilo mwaka 1993, kosa kwa namba kubwa za kuokota ni dogo mno hata kwa raundi chache. Kwa hivyo ukiona kodi ina raundi tano usipige kelele kabla hujauliza namba imetoka wapi.

Mana ikiwa imetoka kwa mtu mwingine, hesabu hiyo ya 1993 ifute yote. Yeye hakuokota, katengeneza. Mwanahisabati Arnault mwaka 1995 alitengeneza namba ya tarakimu 397 isiyo tasa, na mashahidi wote tasa walio chini ya 307 inawapita. Sasa wewe programu yako inaita 2, 3, 5, 7 kila siku, mashahidi wale wale, mtu anawajua kwa majina, atashindwaje kuwapanga? Mwaka 2018 mtafiti Albrecht na wenzake walipitia laibrari kadhaa wakakuta baadhi zinadanganyika hivyo. Shahidi achaguliwe kwa nasibu, hapo ndo robo inakuwa na kazi yake, raundi 10 inakuwa chini ya moja katika milioni, raundi 64 ni moja katika 2 kwa kipeo cha 128, na hapo hata adui akileta ya kwake haimsaidii.

Na nisifiche, hizi namba zinazolinda pesa zetu nyingi hakuna aliyezithibitisha kuwa tasa, tunasema "yumkini tasa" tukaenda kulala. Kipimo kisicho na bahati na chenye kasi ya kinadharia kipo tangu 2002, cha Agrawal, Kayal na Saxena kule Kanpur, India, lakini kwa kazi yetu ni kizito hakuna anayekitumia. Kuna kipimo cha Baillie-PSW cha 1980, mpaka leo hakuna namba inayojulikana iliyokidanganya, na chini ya 2 kwa kipeo cha 64 haipo kabisa, lakini Pomerance alitoa sababu za kuamini zipo huko juu. Mie nakitumia pamoja na Miller-Rabin. Jingine linalonikera, programu nyingi namba ikifeli haziokoti upya, zinaongeza 2 zinapima tena, kwa hivyo namba tasa iliyokaa baada ya pengo refu inapata nafasi kubwa kuliko wenzake. Sijaona ufunguo uliovunjwa kwa njia hiyo. Hata hivyo kodi yangu inaokota upya kila mara, ichelewe.

Turudi kwenye lile "kama". Orodha iliwahi kuwezekana, naam, siyo kwa sababu namba tasa zilikwisha. Debian, watoaji wa mfumo wa Linux, walifuta mistari ya kodi kwenye OpenSSL, laibrari ya kutengeneza funguo, mwaka 2006, nasibu ikabaki ni namba ya prosesi tu, ile ndogo ambayo kompyuta inaipa programu ikianza, na ilipogundulika 2008 ikaonekana kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo zinawezekana 32,768 tu. Hiyo inaenea kwenye flashi. Mwaka 2012 mtafiti Heninger na wenzake wakakusanya funguo za intaneti nzima wakapata funguo za siri za 0.50% ya seva za TLS, ulinzi ule wa tovuti zenye alama ya kufuli, nyingi zikiwa ni ruta na vifaa vidogo vinavyotengeneza ufunguo dakika ile vinapowashwa, havijakusanya nasibu yoyote.

Nimeiona kwa macho yangu. Kampuni moja ililetewa vifaa vya kupokea malipo, vyote vimewashwa siku moja kutoka kwenye boksi, nikaomba funguo zao za wazi, zile ambazo siyo siri, nikatafuta KKS, kigawo kikubwa cha shirika, ya kila mbili. KKS ile ile ya skuli ya msingi. Viwili vilikuwa na namba tasa moja ya pamoja, na laptop haikuchukua hata sekunde. Miller-Rabin ilikuwa sahihi, namba zilikuwa tasa kabisa, na funguo zote mbili zilikuwa zimeshavunjika. Tulifuta funguo za vifaa vyote, tukavitengenezea upya kwenye mashine yenye nasibu ya kweli.

Kijana wa kwenye boti, kama umeisoma mpaka hapa, chukua 323 na 391, kila moja ni namba tasa mbili zimezidishwa, usitafute vigawo, tafuta KKS yao tu kwa kalamu, kisha gawanya.