Renji na ekuiti kwenye poka, maana yake nini hasa?

Kabla hamjanirukia: kamari haramu najua, sie barazani tunacheza kwa komwe za bao, zipo 64 tunagawana watu wanne kila mtu 16, mwisho wa usiku zinarudi kwenye mfuko wake na kahawa kila mtu ananunua yake. Haya tuendelee.

Poka tunayocheza ni ile ya Texas, unapewa karata mbili zako za siri na tano zinafunuliwa mezani za wote. Sasa kosa la wengi, na mie nlikuwa hivohivo, ni kumkazia mtu macho halafu unasema "huyu ana ree mbili huyu", ushamchagulia karata na hutaki kusikia jengine. Renji ndo kinyume chake, ni kapu zima la karata ambazo mtu yule anaweza kuwa nazo kwa alivocheza tokea mwanzo. Ni kama mtu alokwenda kutega dema mwambani, kapuni mwake huoni ila unajua kunaweza kuwa na changu, tasi, tafi, jodari humo hamna.

Na ekuiti ni hisa yako kwenye poti (zile komwe zote zilowekwa katikati kugombaniwa) ukishindanisha karata zako na kapu lile LOTE, sio na karata moja ulomuotea.

Mfano wenyewe huu. Mie nna kingi na kwini za kopa. Mezani pametoka kingi ya shupaza, tisa ya shupaza, nne ya uru, saba ya kopa, mwisho mbili ya pau. Poti ina komwe 16, nimebaki na ami yangu tu, yeye kabakiwa na 8 kazisukuma zote. Nikifuata natoa 8 kugombania 32, kwa hiyo nahitaji hisa ya asilimia 25, chini ya hapo natupa.

Sasa tunahesabu kapu. Mie nna jozi ya kingi. Zinazonipiga ambazo kwa alivocheza naziweka kapuni mwake: ree na kingi (jozi ya kingi kama yangu, ila ree yake inaipiga kwini yangu), kingi zimebaki mbili (moja ninayo mie, moja ipo mezani) na ree zipo nne, mbili mara nne unapata njia 8. Tisa mbili (na ile ya mezani zinakuwa tatu, zinaipiga jozi) njia 3, nne mbili vilevile njia 3. Jumla 14. Hapa ndo watu wanateleza yakhe, wanaogopa tisa mbili kuliko ree na kingi wakati zina njia 3 tu!

Upande wa pili zipo alizokuwa anasubiri shupaza ya tano (shupaza tano zingeipiga jozi yangu) ikagoma kuja, ree na kwini, ree na jeki, ree na kumi, kwini na jeki, kwini na kumi, jeki na kumi, zote za shupaza, njia 6. Kama mtu ni wa kutishia nyau na hizo zote anazisukuma, basi kapu lina 20 na mie nashinda 6, asilimia 30, nafuata bila kuuliza.

Lakini ami yule mie namjua, mtu wa wahedi wa sitini, ule mchezo mwengine wa karata, kazoea kuhesabu kila karata ilokwisha toka, kutishia ni mara chache mno. Tumpe njia 2 za uongo badala ya 6, kapu linakuwa 16 na hisa yangu inashuka mpaka 12 na nusu. Karata zangu zilezile, meza ileile, komwe zilezile, jibu limegeuka. Ndo maana mtu akiniuliza "kingi na kwini pale ufuate au utupe?" namuuliza kwanza ulikuwa unacheza na nani.

Siku ile nlitupa. Ami akacheka, akazikusanya komwe, na karata zake mpaka leo hajanionesha.