Kafara ya Malkia Iliyokataliwa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana potofu ya kwanza imezaliwa na jina lenyewe. Wanaoanza kujifunza sataranji wakisikia ufunguzi uitwao "Kafara ya Malkia" hudhani kwamba malkia hutolewa, ilhali baada ya askari wa d4 (Mweupe, mwenye kete nyeupe) na wa d5 (Mweusi), herufi ikitaja safu wima ya ubao na namba ikitaja mstari wa mlalo, anayetangulizwa ni askari wa c4, wa upande ule wa ubao anaosimama malkia. Hata huyo hapotei: Mweusi akimla, kisha baada ya e3 aking'ang'ania kumlinda kwa b5, Mweupe hucheza a4, na c6 ikifuata askari hulana b5, malkia mweupe akaingia f3 na kuitisha ngome ya a8, ambayo haiokoleki bila Mweusi kupoteza kete nyingine.

Mweusi anayejibu e6, yaani anayekataa, huitwa mwoga. Lawama hii ina chembe ya ukweli, kwa kuwa askofu wa c8 hufungiwa nyuma ya askari wake mwenyewe, na asiyejua kumtoa, ama kwa kusukuma askari b6 na kumweka askofu b7, ama kwa kusukuma c5 au e5 wakati ufaao, atabanwa hadi mwisho. Lakini d5 imeshikwa imara na mfalme hujificha mapema. Ugomvi haukukimbiwa, umeahirishwa tu.

Wengine husema ufunguzi huu huzaa sare tupu, na ushahidi wao ni pambano la ubingwa wa dunia la Buenos Aires mwaka 1927, ambako Alekhine na Capablanca waliucheza katika michezo 32 kati ya 34, na 25 ikaisha sare. Husahau kwamba sare hazikuhesabiwa, bingwa akiwa ni wa kwanza kushinda michezo 6, na Alekhine akaifikisha. Husahau pia pambano la ubingwa wa dunia la Sofia mwaka 2010: Anand na Topalov walikuwa sawa kabla ya mchezo wa 12, wa mwisho, na Anand, mwenye kete nyeusi, akachagua njia ya Lasker, inayosifika kwa kubadilishana kete mapema na kutuliza mambo. Topalov alikula askari kwa pupa, akaufungua mshazari mrefu kuelekea kwa mfalme wake, akashindwa.

Kwamba hakuna mitego, hilo ndilo linalowagharimu wengi zaidi. Mweupe ana farasi c3 na askofu g5. Mweusi ana farasi f6 na d7. Askari wakilana d5, Mweupe huona farasi wa f6 hawezi kuondoka, kwani nyuma yake yuko malkia, basi humla askari wa d5 kwa farasi. Farasi wa f6 humla bila kusita. Askofu mweupe humla malkia, askofu mweusi hutua b4 na kumtishia mfalme, na kinga pekee ni malkia kusimama d2, ambako huliwa. Mfalme mweupe hulipiza kwa kumla askofu huyo, mfalme mweusi naye humla askofu aliyeko d8, na hesabu ikifanywa Mweupe ametoa farasi mzima kwa askari mmoja.