Fimbo haiharakishi usingizi: dhana potofu kuhusu vijana wetu na saa ya kuingia darasani

Mama mmoja kutoka Buhongwa, hapa Mwanza, aliniletea binti yake wa kidato cha tatu. Sijauliza lolote, akaanza: "Dokta, huyu mtoto ana uvivu wa kuzaliwa nao. Nimempima malaria mara tatu, taifodi mara mbili, hakuna kinachoonekana." Binti mwenyewe alikuwa ameshasinzia pale pale kitini, shavu juu ya begi la shule, kalamu bado katikati ya vidole. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nikamwamsha taratibu, nikamuuliza analala saa ngapi. Saa tano usiku. Anaamka? Saa kumi na nusu, maana anapanda daladala mbili, na shuleni wanataka afike saa moja kasoro robo kwa ajili ya usafi. Hizo ni saa tano na nusu za usingizi. Kijana wa miaka 16 anahitaji saa 8 hadi 10.

Neno "mvivu" nalisikia kliniki kila wiki, na linaniuma kuliko yote ninayoambiwa na wazazi. Wanaamini kijana anachelewa kulala kwa ukaidi, kwamba akiamriwa kupanda kitandani saa tatu usiku atalala, na alfajiri ataamka mwepesi kama mdogo wake. Sivyo mwili unavyofanya kazi, na ndiyo maana nasema masomo ya sekondari yaanze saa mbili na nusu asubuhi.

Ubongo una saa yake. Giza likiingia, unaachia homoni ya melatonini, ambayo ni taarifa kwa mwili mzima kwamba usiku umefika. Kwa mtoto wa darasa la tatu taarifa hiyo inafika mapema, ndiyo maana anasinzia na tonge mkononi. Akibalehe, inaanza kuchelewa, kwa wengine hata kwa saa mbili. Juu ya hilo, uchovu unaomsukuma mtu kulala hujijenga polepole zaidi kwa kijana kuliko kwa mtoto mdogo. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, amelifuatilia jambo hili kwa miongo kadhaa, na mabadiliko ya namna hiyo yameonekana hata kwa panya na nyani wanaobalehe, ambao hawana simu wala tamthilia za usiku. Hali hii huendelea hadi karibu miaka 20, kisha saa ya mwili huanza kurudi mapema yenyewe.

Kwa hiyo ukimfukuzia kitandani saa tatu, atalala chali akikodolea macho chandarua hadi saa tano. Wewe unaona kiburi, yeye anashangaa kwa nini usingizi hauji. Asubuhi unamwamsha wakati ubongo wake bado uko katikati ya usiku, na unachomkatia ni zile saa za mwisho, ambazo ndizo zenye usingizi mwingi wa ndoto. Halafu anafika shuleni kutunza somo kichwani. Nimechoka kuona alama za fimbo kwenye mapaja ya watoto ambao kosa lao ni kubalehe.

Sisi wa Mwanza tuna sababu nyingine ya kulijali hili, na sijui kwa nini haizungumzwi. Nchi nzima tunafuata saa ileile, lakini Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi sita za longitudo. Jua linatufikia kama dakika 25 baada ya wao. Februari na Julai linachomoza hapa saa moja asubuhi ikikaribia kabisa. Yaani binti yule anatoka nyumbani gizani, anasubiri daladala gizani, makonda wanamruka kwa sababu nauli yake ni ya mwanafunzi, na jua linapotokeza juu ya mawe yetu yeye ameshashika ufagio. Usalama wa msichana peke yake kituoni saa kumi na moja alfajiri ungetosha kuwa hoja, hata tusingeitaja melatonini.

Nikipendekeza hivyo, wapo wanaopinga. "Wakianza saa mbili na nusu watazidi kukesha." Seattle, mji wa Marekani, walijaribu. Mwaka 2016 sekondari zao zilihama kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi, na watafiti wakawavalisha wanafunzi vifaa vya mkononi vya kupima usingizi. Hawakuzidi kukesha. Walipata usingizi wa dakika 34 zaidi kwa usiku. Madaktari wa watoto wa Marekani walikuwa wameshapendekeza mwaka 2014 kwamba masomo ya vijana yasianze kabla ya saa mbili na nusu, na jimbo la California likaiweka saa hiyo katika sheria kwa sekondari za juu, ikaanza kutumika mwaka 2022.

"Watarudi nyumbani usiku." Kwetu jua linazama karibu saa moja jioni. Shule inayofunga saa tisa na nusu ikisogea hadi saa kumi na nusu, bado wana saa mbili za mwanga.

"Mbona wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani?" Mvuvi akishauza mzigo wake asubuhi anakwenda kulala. Mwanafunzi anakwenda kwenye hesabu.

"Atafidia Jumapili." Akilala hadi saa tano mchana, Jumapili usiku usingizi hauji, na Jumatatu ni mateso. Mruhusu apitilize kwa saa moja au mbili tu, kisha atoke nje akae juani nusu saa. Nalisisitiza sana hili la jua la asubuhi, kwa sababu hakuna kingine cha bure kinachovuta saa ya mwili mapema kama hilo.

Kuna wanaowapa Piriton ili walale. Acheni. Ni dawa ya mzio, inakaa mwilini muda mrefu, na mtoto anaingia darasani kichwa kizito. Vivyo hivyo vinywaji vya kuongeza nguvu na beseni la maji baridi la kutumbukizia miguu wakati wa kubukua: mtihani haujibiwi kwa kukesha.

Simu siitetei. Mwanga wake usiku unazidi kumchelewesha kijana ambaye tayari amechelewa. Saa tatu na nusu ichajiwe chumbani kwa wazazi, na ya mzazi iwekwe pembeni pia.

Wapo ambao tatizo lao si saa ya shule. Kijana anayelala kwa muda wa saa tisa kamili na bado anasinzia, anayekoroma na kukatika pumzi, anayepauka au kuchoka akipanda kilima kidogo, aliyejitenga na kukosa hamu hata ya mpira, mleteni. Huku kanda ya ziwa sikosi kupima damu na kichocho kwa watoto wanaooga ziwani. Binti wa Buhongwa nilimpima vyote, akawa mzima. Nilichomwandikia ni barua kwa mwalimu wake, kuomba asamehewe usafi wa asubuhi hadi mwisho wa muhula.