Kikombe kilianguka, kipepeo aliruka: upatanisho wa kisarufi katika wakati uliopita

Andika ubaoni "Kikombe ______ jana", kisha waambie watoto wa darasa la tatu wajaze kitenzi "anguka". Wengi watakuandikia "ilianguka". Wakati wameupata: -li- iko mahali pake, na neno "jana" ndilo lililowaelekeza. Walipoteleza ni mwanzoni mwa kitenzi. Inatakiwa "kilianguka", kwa kuwa kilichoanguka ni kikombe. Kule kitenzi kuchukua kiambishi kinachoendana na ngeli ya nomino ndiko kunakoitwa upatanisho wa kisarufi.

Ukilikata neno "kilianguka" unapata vipande vitatu. Ki- inamtaja mtendaji, -li- inataja wakati, na -anguka ndilo tendo lenyewe. Sasa badilisha nomino: vikombe vilianguka, mti ulianguka, miti ilianguka, ukuta ulianguka, kuta zilianguka, mawe yalianguka. Kote huko -li- haikuguswa. Ndiyo maana naona tunapoteza muda tunapotumia kipindi kizima kufundisha -li-, kitu ambacho mtoto amekuja nacho kutoka nyumbani, huku ngeli tukizipa dakika tano za mwisho.

Wala "kikombe ilianguka" haitokani na uzembe wa mtoto. Ukiwa Nairobi, Lubumbashi, hata sehemu nyingi za bara Tanzania, utasikia watu wazima wakisema "gari ilipita" na "kiti ilivunjika", na wanaelewana vizuri kabisa. Mtoto anaandika anachokisikia. Kumwambia kwamba anaongea Kiswahili kibovu ni kumtukania nyumbani kwao, na kesho hatanyoosha mkono. Mimi huanza na sikio. Naangusha kikombe cha plastiki sakafuni, darasa zima linasema kilichotokea. Naangusha viwili, wanasema tena. Halafu kitabu, vitabu, jiwe, mawe. Neno "ngeli" lenyewe linaweza kusubiri hadi wiki ya pili.

Kwenye jiwe pana mtego mdogo. Kiambishi cha ngeli ni li- na cha wakati ni -li-, kwa hiyo zinafuatana: jiwe lilianguka, jua lilizama, jino liling'oka. Mtoto akiona "lili" hudhani amekosea akafuta moja. Wapigie mstari chini ya kila li kwa rangi yake, waone kwamba ni kazi mbili tofauti.

Mtego mkubwa zaidi ni wa viumbe. Aliyekariri kwamba neno likianza na ki- kitenzi nacho kianze na ki-, ataandika "kipepeo kiliruka", na kwa kanuni aliyopewa hana kosa. Kanuni ndiyo pungufu. Mtu au mnyama anachukua a- katika umoja na wa- katika wingi, jina lake liwe na umbo lolote: kipepeo aliruka, kifaru alikimbia, kijana alisimama, vifaranga walikunywa maji, ng'ombe walivuka barabara. Swali la kwanza la mtoto liwe: ana uhai wa kutembea, kuruka au kuogelea? (Mti unaishi pia, lakini haumo humu.) Habari ya "kitoto kililia", pale mtu anapokusudia kudogosha, iachwe kwa madarasa ya juu.

Kisha inakuja kukanusha, na hapa ndipo -li- inapotoweka. Nafasi yake inachukuliwa na -ku-: kilianguka, hakikuanguka, walisoma, hawakusoma, lilipita, halikupita. Kiambishi cha ngeli kinabaki, ila kinatanguliwa na ha-. Nafsi tatu za umoja zina njia yake: nilisoma huwa sikusoma, ulisoma huwa hukusoma, alisoma huwa hakusoma. Kosa linalojirudia sana hapa ni "jana sijaenda shule". Hiyo -ja- ni ya jambo ambalo bado linangojewa, na jana haingojewi tena. Aseme "jana sikuenda shule". Akiandika "sikwenda" usimkate alama, zote mbili hutumika.

Vitenzi vifupi kama -la, -ja, -nywa na -fa vinahitaji siku yake. Katika "nilikula", ile ku ni ya kitenzi chenyewe, kula, imebaki ili kukibeba. Ukikanusha inapatikana "sikula", ku moja tu, nayo ni ya ukanushi. Watoto makini ndio hukosea hapa, wakaandika "sikukula", maana wanajua kukanusha kunaongeza ku na hawajui kwamba ile ya zamani inaondoka. Lakini "sikukuona jana" ina ku mbili na ni sahihi, kwa kuwa ya pili ni wewe, unayeambiwa. Nilipoliweka hilo ubaoni, msichana mmoja wa dawati la nyuma aliikata "sikukula" kwa vidole, silabi baada ya silabi, akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo hii ni simba anamwambia mtu, mimi sikukula wewe?" Ndivyo hasa. Darasa lilicheka, na wiki ile sikuiona tena "sikukula" katika daftari lolote.